Nina HKL na Kirundi cha nyumbani. Niombe shahada gani ili niwe mkalimani?

BintiKasulu

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili B, Historia D, Kiingereza D, daraja la pili pointi 10. Nataka kusomea lugha na tafsiri ili baadaye niwe mkalimani. Anayenisomesha ni baba mdogo, naye anasema niombe Ualimu tu, kwa sababu hapa Kasulu hajawahi kumwona mkalimani hata mmoja.

Amemwona, ila hajui kwamba ni mimi. Mama anauza dagaa mkabala na zahanati, na tangu nikiwa kidato cha pili, akija mgonjwa kutoka Burundi asiyejua Kiswahili, nesi ananiita. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu wa karibu, tunasikilizana. Siku moja akaletwa mama mmoja ameshika kiuno, neno analolirudia ni inda, inda. Nesi akashika kalamu kuandika dawa ya tumbo, maana neno hilo moja yeye analijua. Lakini inda ni tumbo, na ni mimba pia. Nikachuchumaa nikamuuliza yule mama polepole: tumbo linauma, au una mimba? Akanionyesha vidole vitatu, miezi mitatu. Nesi akaichana ile karatasi akaanza upya. Usiku ule sikupata usingizi, nawaza kama ningekuwa sokoni siku hiyo.

Sasa naomba msaada. Kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, naona shahada za Kiswahili, isimu, fasihi, lugha za kigeni, lakini kwenye vyuo ninavyovitaka sioni iliyoandikwa tafsiri peke yake. Niombe ipi? D ya Kiingereza itaniangusha? Kirundi changu hakina cheti, kina maana yoyote? Tena jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa limepungua herufi moja ukilinganisha na cheti cha kidato cha nne. Dirisha la maombi limeshafunguliwa na mimi nimeganda.

Mwalimu_Urambo

Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo usimwone mkorofi, anataka ukimaliza uwe na mkate. Mimi nafundisha Kiswahili mwaka wa 14 sasa na sijajuta. Ila na yeye ajue kwamba ajira ya ualimu serikalini siku hizi haiji mtu akishavua joho, kuna vijana wangu niliowafundisha wana shahada na bado wanasubiri. Weka Kiswahili mbele na Ualimu nyuma yake, fomu inaruhusu chaguo zaidi ya moja.

Lakini acha yote hayo, shughulikia herufi ya jina kesho asubuhi. Ukiomba mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na jina likipishana utakwama wakati wenzako wanapanga mabegi. Binti mmoja wa shule yetu alikosa mkopo wa mwaka wa kwanza kwa herufi "h" moja. Nenda na vyeti vyote viwili ofisi ya wilaya, usiende na nakala.

Kalimani_Njiro

Marahaba mdogo wangu. Habari ya yule mama nimeisoma mara mbili, ndiyo maana naandika kwa urefu. Kazi hii naifanya hapa Arusha mwaka wa 17.

Hofu ya alama ondoa. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni jumla ya 4.0 kwa masomo mawili. B yako na D moja ni 6. Hata hivyo kila programu ina masharti yake, nyingine inataka somo fulani kwa alama fulani, kwa hiyo safu ya sifa isome mpaka nukta ya mwisho kabla hujalipa ada ya maombi.

Jina la shahada lisikunyime usingizi. Kwetu, ngazi ya shahada ya kwanza, tafsiri na ukalimani mara nyingi ni kozi zilizomo ndani ya Kiswahili au isimu. Kuzama hasa huwa kwenye shahada ya umahiri, kama ile ya Kituo cha Tafsiri na Ukalimani cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mimi mwenyewe nilianza na Kiswahili. Kwa Dar es Salaam utasikia TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ni TUKI ile ya zamani (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyounganishwa na Idara ya Kiswahili mwaka 2009. Fungua orodha ya kozi zao na za vyuo vingine, hesabu ngapi zina neno tafsiri au ukalimani, na uliza kama mwanafunzi wa Kiswahili anaruhusiwa kuchukua na lugha ya kigeni.

Hapo kwenye lugha ya kigeni ndipo ninapotaka unisikilize. Wenye Kiswahili na Kiingereza tumejaa. Mwenye Kiswahili, Kirundi na Kifaransa anatafutwa kwa simu. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa hapa hapa Arusha mpaka ilipofungwa 2015. Mashahidi walikuwa wanasema Kinyarwanda, na miaka ya mwanzo maneno yao yalipelekwa kwanza kwenye Kifaransa, kisha kibanda cha pili cha wakalimani kikayachukua kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Swali la wakili nalo linarudi kwa njia hiyo hiyo. Fikiria inda yako ipite mikono miwili kabla haijamfikia nesi. Kwa hiyo tafuta chuo kinachofundisha Kifaransa, na upige simu kuuliza kama wanapokea anayeanza sifuri.

Nikuambie na langu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa maelezo ya shahidi, kurasa tatu, niyatie kwenye Kiingereza. Mstari mmoja ulisema: "Alimkuta amelala, akamwambia atoke." Kiswahili hapo hakisemi nani mume nani mke, Kiingereza kinalazimisha useme. Nikajaza kwa kudhani. Aliyefukuzwa alikuwa mume, mimi nikaandika mke. Wakili aliligundua jioni ya kuamkia kesi, na nusura mtu aaminike kafanya ambalo hakulifanya. Nilikuwa na shahada yangu mkononi na sikuuliza. Wewe ulichuchumaa ukauliza.

D ya Kiingereza haitakuzuia getini, itakuzuia kazini. Kila siku chukua aya moja ya habari ya Kiswahili, iandike kwa Kiingereza, ifiche wiki nzima. Kisha irudishe Kiswahili bila kutazama ya kwanza, uweke mbili hizo pamoja. Palipopotea utapaona mwenyewe.

Kirundi hakina kisanduku kwenye fomu, lakini mwombe mganga mfawidhi wa hiyo zahanati akuandikie barua: tangu lini unasaidia, kwa lugha zipi. Barua hiyo itakufaa ukitafuta kazi ya likizo, hata kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu. Na yule mama hukumtaja jina hapa. Endelea hivyo hivyo maisha yako yote.

Mvita_88

Asalaam aleikum dada, nakuandikia kutoka Mombasa. Watu watakwambia mashine imemaliza kazi yetu. Juzi nililetewa tangazo la kliniki ya wajawazito lililotafsiriwa na mashine, nilisahihishe. "Saa mbili asubuhi" mashine ililipeleka Kiingereza kama saa nane usiku. Ukipata kompyuta weka OmegaT, programu ya kumsaidia mtafsiri, ni ya bure, uizoee mapema, inakutunzia kila sentensi uliyokwisha kuitafsiri. Na jifunze kuchapa bila kutazama vidole.

BintiKasulu

Asanteni sana, Mungu awalipe.

Jana usiku nilimsomea baba mdogo majibu yenu yote. Aliponiambia nirudie pale kwa Kalimani, penye "alimkuta amelala", alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza Kifaransa kinachukua miaka mingapi. Tumekubaliana Kiswahili chaguo la kwanza, Ualimu wa pili. Mganga mfawidhi amesema barua nifuate Ijumaa. Wilayani nimeambiwa nirudi na cheti cha ubatizo na cha darasa la saba.

Tatizo limebaki moja: chuo kimoja hakijaniletea namba ya kumbukumbu ya malipo tangu juzi. Fomu nilijaziwa na kijana wa stesheneri. Nisubiri tu?

Kalimani_Njiro

Usisubiri. Rudi kwa huyo kijana leo, uangalie alijaza namba ya simu na barua pepe ya nani. Wengi wao hujaza za kwao kwa wateja wote, na hapo namba ya malipo itakuwa imeenda kwake. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha nao utakwenda kwake. Zikiwa si zako, piga simu dawati la udahili la chuo kesho saa mbili asubuhi wakubadilishie, kisha ubadilishe na nywila mwenyewe. Halafu uje utuambie hapa.