Tupeane uzoefu: kuhamisha spea used za miguu kati ya gari za zamani zinazofanana

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za leo. Wengi wetu humu tunaendesha gari za miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, na barabara zetu tunazijua. Ukipita matuta gari inagonga mbele, fundi anatikisa tairi, anakwambia miguu (shokapu, springi na vyuma vinavyoshika tairi) imekwisha. Safari ya Ilala au Gerezani inaanza, na kila duka lina mtu wa kukuhakikishia kwamba "hii ya gari ile inaingia kwenye yako bila shida".

Naomba kwenye uzi huu tuweke yale yaliyofanyika kweli. Ukiandika, taja namba ya chesisi (ile ya umbo la gari, kama AE110), maana jina peke yake halitoshi: "Corolla" ni ukoo mzima. Sema kitu gani kilihamishwa, kilikaa bila kuchonga au kilichongwa, na gari ilitembeaje baada ya hapo.

Naanza na ya kwangu, Corolla AE110. Umbo la E100 lilitoka 1991, E110 likafuata 1995, na ukilala chini ya gari hizi mbili unaona undugu wao. Mbele shokapu imevaa springi yake na imesimama juu ya chuma kinachobeba habu (kitovu cha tairi), chini kuna wishboni (mkono wa chuma unaoshika tairi) moja kila upande. Nilichukua wishboni mbili kutoka AE100 iliyokatwa, zikakaa kama za gari yenyewe. Boljointi (kiungo cha duara kati ya wishboni na tairi) ya gari hizi imefungwa kwenye wishboni kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo unafungua ya zamani unaweka mpya, na bushi (mipira ya kwenye matundu ya wishboni) zinapigwa presi mpya. Kinachobaki used ni chuma kitupu.

Kabla ya kulipa niliziweka mbili sakafuni, kulia na kushoto, zikitazamana. Zikiwa nzima, moja ni kivuli cha mwenzake. Iliyogonga shimo kubwa au ukingo wa barabara hujionyesha karibu na tundu la bushi ya mbele: rangi imepasuka vijistari vyembamba, au bati limekunja mkunjo mdogo ambao mwenzake hana. Hiyo iache hata ukipewa bure.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea: chuma nunua used, mpira na mafuta nunua mpya. Wishboni, stablaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), springi, habu, hivyo tafuta used iliyo safi. Bushi, boljointi, tairodi (fimbo ya usukani inayokata tairi), mauntingi za juu (vishikio vya shokapu kwenye bodi) na shokapu yenyewe, ingia dukani.

Mdau, Dodoma

Mkuu, kwenye shokapu nakupinga kidogo. Shokapu used orijino kutoka Japani wakati mwingine inadumu kuliko mpya ya bei nafuu yenye boksi la kupendeza. Ila ikague. Isimamishe wima, sukuma fimbo mpaka chini kwa uzito wa mwili. Iende taratibu, kwa nguvu ile ile toka juu mpaka chini. Ikifika mahali ikateleza ghafla, mafuta yamepungua au valvu imekufa. Ya gesi ukiiachia inapanda yenyewe polepole. Kisha pitisha ukucha kwenye fimbo inayong'aa. Ukikwama hata mahali padogo, pale pana kidonda cha kutu, na kidonda hicho kitakula sili hata kama leo haivuji.

Mimi ni mtu wa Toyota Mark II. GX90 yangu imevaa shokapu na springi za GX100, mbele na nyuma, zikiwa zimetoka pamoja kwenye gari moja. Hakuna kilichochongwa. Tahadhari moja: usichanganye na zile zenye fowili (zinazovuta kwa tairi zote nne). GX105 ni GX100 kwa sura, lakini mbele kuna aksli inayopita kwenda kwenye tairi, na mpangilio wa pale chini ni mwingine. Wauzaji huzilaza kwenye rundo moja.

Mdau, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Mimi ni dada mwenye Toyota IST NCP60, nimeinunua kwa mtu. Tangu siku ya kwanza ilikuwa inavuta kushoto na tairi ya mbele upande huo ilikuwa inalika ndani. Nimefanya alaimenti (kunyoosha tairi), inakaa vizuri kidogo halafu inarudi. Kila fundi na lake: raki ya usukani, beringi, mara rimu imepinda.

Fundi mmoja mtu mzima ndiye aliyeona. Aliiweka gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa tairi zote sawa, akapima kwa futi kutoka katikati ya rimu mpaka kwenye ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Upande mmoja ulikuwa chini. Aliposhusha miguu tukakuta springi ya kulia ni ya IST, ya kushoto ni ya Vitz. Mwenye gari wa kwanza springi moja ilimkatikia, akawekewa hiyo ya Vitz, na kwa kuwa IST na Vitz ya zamani ni damu moja, iliingia bila kelele. Lakini IST imekaa juu zaidi na mwili wake ni mzito kuliko Vitz. Tuliponunua pea kamili ya IST, gari ikanyooka.

Kwa hiyo wakubwa wangu, ukimuuliza muuzaji, usiishie kwenye "inaingia?" Muulize na mwenzake yuko wapi.

Mleta mada

Dada yangu, marahaba, na asante sana. Hii ya springi moja moja ndiyo imezagaa mitaani kuliko zote. Niongezee: springi orijino huwa na alama za rangi kwenye waya, vidoa au mistari. Kulia na kushoto zikiwa na rangi tofauti, uliza kwanza. Zikiwa zimefutika, hesabu mizunguko, pima unene wa waya, na angalia mwisho wa waya unavyokaa kwenye kikombe chake.

Na jambo la usalama: kufungua springi kwenye shokapu bila kibanio kinachoaminika, kwa kamba na nyundo, ni hatari ya kweli. Springi iliyobanwa ikifyatuka inavunja taya. Ukiona fundi anafanya hivyo, simamisha kazi.

Mdau, Arusha

Jina la chesisi nalo halitoshi peke yake. Jamaa yangu ana Levin AE101, ile Corolla ya milango miwili. Ikaanza kugonga mbele, akaletewa wishboni za Corolla AE101 ya kawaida. Chesisi moja, mwaka mmoja, hazikukaribiana hata kidogo. Gari yake ilitoka kiwandani na mbele inayoitwa Super Strut, ambayo Toyota waliweka kwenye baadhi ya Levin na Trueno, na kwenye baadhi ya Celica ST202. Wishboni yake imegawanyika vipande viwili na kuna kiungo cha ziada kinachoshika tairi isilale kwenye kona. Kwenye lami safi ni tamu sana. Viungo vikichoka inagonga kama mlango mbovu, na spea zake ni za kutafuta kwa tochi.

Suluhisho lilikuwa kuhamisha mbele nzima kutoka AE101 ya kawaida: shokapu, vyuma vya habu, wishboni, stablaiza na linki zake. Ukichanganya nusu kwa nusu haifungiki. Sasa anaendesha kwa amani, na kila duka lina spea zake.

Mdau, Nairobi

Salamu kutoka Nairobi, jamani. Huku kwetu wengi ni watu wa Subaru. Nina Impreza GF ya zamani na nyumbani ni barabara ya udongo, mvua ikinyesha tumbo la gari linalima. Kule Kirinyaga Road nilipata shokapu zote nne za Forester SF5 zikiwa kamili na springi na mauntingi zake. Zinaingia kwenye Impreza ya umbo lile bila kukata kitu, na gari inainuka vizuri.

Lakini hesabu haiishii hapo. Ukiinua, tairi zinabadilika mlalo, hivyo alaimenti ni lazima siku hiyo hiyo, na ile bolti ya juu ya shokapu yenye tumbo la kurekebisha mlalo hakikisha inazunguka, haijagandishwa na kutu. Aksli nazo zinakaa kwa pembe kali zaidi. Buti (mipira inayofunika) za sivi jointi, yaani viungo vya aksli, zikiwa zimezeeka zitapasuka mapema. Na kwenye kona gari inalala zaidi ya zamani. Mimi nimekubali, maana shida yangu ilikuwa matope.

Mdau, Mbeya

Prado 95 na Surf 185 zimejengwa juu ya msingi mmoja, na nimehamisha springi za mbele kutoka Surf kwenda Prado. Ziliingia, lakini mbele ikaona ardhi. Tulipofuatilia, Surf ile ilikuwa ya petroli, 3RZ, na Prado yangu ni dizeli, 1KZ. Injini ya dizeli ni nzito, na kiwanda kiliipa springi ngumu zaidi. Nilizirudisha, nikatafuta za Surf ya dizeli, mambo yakakaa sawa. Kwa hiyo kwenye orodha ya mleta mada ongeza: ulizia injini ya gari iliyotoa spea.

Mdau, Sharjah

Niko huku Ghuba, kazi yangu ni kununua spea used na kutuma nyumbani. Niwape tofauti mnayoweza kuiona kwa macho. Kitu kilichotoka huku kwa kawaida kina chuma kizuri, kutu kidogo, lakini mpira umeokwa na jua: bushi imekauka, ukiikunja inaonyesha nyufa. Kilichotoka Japani ya kaskazini, kwenye theluji, ni kinyume: mpira unaweza kuwa hai, lakini chumvi wanayomwaga barabarani imekula chuma, hasa kile kikombe springi inapokaa. Kiguse kwa bisibisi. Kikimeguka maganda manene, acha.

Na gari za huku zina usukani kushoto. Wishboni na habu hazina neno, ila raki ya usukani ya huku msiichukue kwa gari ya nyumbani. Haitakaa.

Mleta mada

Hapo kwenye usukani nikazie tairodi, maana ni kitu cha roho. Ule msumari wa tairodi umechongwa mwembamba juu na mnene chini, na tundu lake vile vile. Wa gari nyingine unaweza kuingia, nati ikakaza, ukaona kazi imeisha, kumbe umeshika kwa ukingo tu. Chomoa ya zamani, zilaze pamoja, pima unene wa msumari juu na chini. Tofauti hata ya milimita moja, usifunge.

Kuhusu namba, hii imenisaidia mno. Spea ya Toyota ina makundi mawili ya namba. La kwanza linasema ni kitu gani: 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 mbele kushoto, 48131 springi ya mbele, 48231 springi ya nyuma, 48068 wishboni ya kulia na 48069 ya kushoto, 48609 mauntingi ya juu. La pili mara nyingi linaanza na ukoo wa gari: 12 ni Corolla, 20 Carina na Corona, 22 Mark II, 52 Vitz na wenzake. Kwenye shokapu orijino namba huwa imegongwa kwenye mwili wake. Sugua vumbi, isome, piga picha.

Pia angalia vishikizo vilivyochomelewa kwenye shokapu ya mbele, cha mpira wa breki na cha waya wa ABS. Kikiwa upande usio wake, mpira wa breki unavutika tairi ikikatwa mpaka mwisho. Kata usukani kulia na kushoto gari ikiwa imenyanyuliwa, uone kwa macho.

Mdau, Tanga

Wakuu, nina Probox NCP50. Nyuma imelala kwa mizigo. Naambiwa springi za nyuma za Vitz zinaingia kwa kuwa ni ndugu, kweli?

Mdau, Morogoro

Kaka, undugu wao nyuma umeishia kwenye jina. Vitz ya zamani isiyo na fowili nyuma ina boriti moja inayojipinda, Probox ina aksli ngumu iliyoshikwa na mikono yake, imejengwa kubeba. Tafuta za Probox au Succeed yenyewe, pea, na upime urefu wake kabla hujatoa hela.