Mtoto yuko kwa sipapu (CPAP, mashine ya kusaidia kupumua) na moyo unashuka shuka, mamkwe anataka itolewe. Nishaurini

BabaMpya_Kisauni: Salaam alaikum jamani. Mtoto wetu wa kwanza kazaliwa wiki ya 30 na kilo 1.3, yuko wadi ya watoto wachanga hapa Mombasa, wamemuwekea ile mashine ya sipapu, mipira puani na ncha nyengine imezamishwa kwa chupa ya maji inatoa mapovu usiku na mchana. Kinachonimaliza ni monita. Moyo uko 150 vizuri tu, mara mtoto ananyamaza, kifua hakipandi, namba inaporomoka mpaka 70 na kitu, alamu inalia, nasi (muuguzi) anakuja anamsugua nyayo na yeye anaendelea kama hakuna kitu!! Mamkwe asema mashine ndo inamzoesha uvivu, mapafu hayatajifunza kazi na moyo ushaanza kuharibika, tuombe atolewe. Mke wangu naye kaanza kuamini. Kuna ukweli hapo?

NasiMstaafu: Usiombe itolewe baba. Sipapu haimpumulii, anayevuta pumzi ni yeye mwenyewe, ile inasukuma hewa kidogo bila kukatika ili vifuko vya mapafu visijifunge akitoa pumzi na koo lisilegee likaziba. Bila hiyo kila pumzi ni kama kupuliza baluni jipya, atachoka tu. Presha ni ule urefu wa mpira ndani ya maji, mara nyingi huanzia sentimita 5 au 6.
Moyo sasa. Hapo moyo unafuata pumzi. Ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua haijakomaa wiki ya 30, husahau. Oksijeni ikishuka kuna vihisi pale shingoni vinapeleka habari, na kama kifua hakiendi moyo unaambiwa upunguze mwendo. Akivuta pumzi mapafu yakajaa ile amri inafutwa, ndo maana namba inapanda papo hapo. Kwa hivo mara nyingi si ugonjwa wa moyo. Sisi twahesabu akisimama kupumua sekunde 20, ama chini ya hapo ikiwa moyo umeshuka au kageuka rangi.

MamaTwins_Bamburi: Wangu walipewa kafeini, nikadhani daktari anitania, kafeini si ya kahawa hii ya Mji wa Kale?? Kumbe ni dawa kabisa inaamsha ule ubongo usisahau. Uliza kama wako yuko nayo. Na kangaruu, ile ya kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, usiikose.

Mlikoni_Halisi: Nasi nawe sema yote. Wa binamu yangu pua ilichubuka na tumbo likavimba mpaka likang'aa.

NasiMstaafu: Kweli, hutokea. Hewa huingia tumboni ndo wanapitisha mrija mdomoni kuitoa, na pua lazima ikaguliwe kila mara. Presha ikizidi nayo, kifua kinabana damu inayorudi moyoni na moyo unakosa cha kusukuma, kwa hivo hata jamaa asiguse ule mpira eti auzamishe zaidi. Oksijeni nyingi pia yaharibu macho. La kuogopa ni mabadiliko: aliyekuwa anasimama mara moja moja sasa ni kila saa, kalegea, maziwa anayopewa hayashuki tumboni. Hapo mwite daktari saa hiyo hiyo, yaweza kuwa maambukizi.

BabaMpya_Kisauni: Kafeini iko kwa faili, sikujua ni ya nini. Na hii hali itaisha lini?

NasiMstaafu: Kusimama pumzi wengi huacha wakifika kama wiki 36 au 37, ukihesabu tangu mimba. Sipapu yenyewe mara nyingi hutoka kabla ya hapo, wakimtoa akaanza kushuka watamrudisha, msishtuke.

BabaMpya_Kisauni: Shukran sana. Mamkwe nimemsomea zote, asema bado haamini, ila anauliza hiyo kangaruu nyanya naye anaruhusiwa?

MamaTwins_Bamburi: 😂😂 wadi ikikubali anaruhusiwa, aoge tu na siku hiyo asijifukize udi