Tupeane uzoefu: dawa ya kifafa mnameza saa ngapi, na mnaikumbukaje?

Dada wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Jana nakaanga samaki, adhana ya magharibi ikalia, mkono ukaenda wenyewe juu ya kabati la vyombo kutafuta kopo la dawa. Kopo halipo. Mdogo wangu aliondoka nalo miezi minne iliyopita kwenda chuo Dodoma. Nilisimama pale na mwiko mkononi, machozi yakanitoka.

Miaka sita nimempa kabamazepini mimi mwenyewe, kutwa mara mbili. Alamu hatukuwa nayo. Asubuhi ni chai kabla ya shule, jioni ni magharibi, na huku Tanga magharibi haipishani hata saa nzima mwaka mzima. Sasa yuko hosteli, anasoma mpaka saa nane usiku, anaamka saa nne, dozi ya asubuhi inamezwa mchana. Wiki iliyopita kaanguka bafuni, kapasuka nyusi. Nyie wenye wagonjwa, au mnaoumwa wenyewe, mnafanyaje?

Mlinzi wa Zamu
Pole sana dada. Kinachomwangusha ni mawili, dawa kuchelewa na usingizi kuvurugika. Mimi nalinda usiku. Mwanzo nilitaka nifuate saa za watu wa mchana, nikawa naangukia getini. Sasa nameza nikivua buti asubuhi na nikivaa buti jioni. Na mchana silali pungufu ya masaa saba, hata kama jirani kafungulia redio. Nilimwomba nesi aniandikie kwenye kadi, akaniandikia.

Shangazi Mtu
Nakazia hapo kwenye usingizi. Wangu akikesha kwenye msiba tu, kesho yake lazima aanguke, hata dawa awe kameza.

Fundi Cherehani
Mbona mnajitesa na mara mbili? Mimi nameza mara moja tu, usiku nikienda kulala, mwaka wa kumi na moja huu. Mwambie naye ameze usiku zote kwa mpigo.

Mlinzi wa Zamu
Usimpoteze mwenzako mkuu. Wewe unameza dawa gani?

Fundi Cherehani
Fenobabito.

Mlinzi wa Zamu
Ndiyo hivyo. Fenobabito inakaa mwilini siku kadhaa, na inaleta usingizi, ndiyo maana wanasema meza usiku. Kabamazepini inapungua mapema zaidi. Akizimeza zote kwa mpigo atapata kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili, halafu kesho jioni dawa imeshuka.

Baba wa Mahenge
Nimesoma hii mada mara mbili kabla ya kuandika. Kwetu Mahenge kifafa si kigeni. Kliniki ya kifafa ilianzishwa na daktari Louise Jilek-Aall tangu enzi za wazee wetu, na tunajua habari za usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaohusishwa na kifafa, na wale nzi weusi wa kando ya mito wanaoueneza. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua ugonjwa. Nilichokosea ni saa.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Tulilazwa mjini, mbali na nyumbani. Siku ya kuruhusiwa daktari kijana akaandika kwenye karatasi: saa 8 na saa 8. Hakuongeza neno. Yeye anahesabu kwa saa ya kizungu, mimi kwa saa yetu. Nikarudi nyumbani nikafuata nilichosoma. Saa nane mchana, saa nane usiku.

Kila usiku naamka, nawasha tochi, namwinua mtoto. Analia, anataka kulala. Namkalisha, mama yake anashika kikombe, mimi naweka kidonge ulimini. Wakati mwingine anakitema, tunakitafuta kwenye mkeka. Mpaka alale tena ni saa tisa na nusu, na saa kumi na moja tunaamka wote kwenda shamba. Wiki ya kwanza akaanguka mara moja. Wiki ya tatu akaanguka siku nne mfululizo, zote alfajiri. Watu wakaanza kusema dawa za hospitali zimemkataa, twende kwa mtaalamu. Nilikuwa nimekwishatafuta mbuzi.

Siku ya mwisho mama yake alikuwa anakoroga uji, mtoto kakaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Sikusikia kilio. Nilisikia sufuria. Nilipoingia mkono wa kulia ulikuwa ndani ya moto, na mwili unatetemeka, haujui kwamba unaungua.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeuliza, wakati anafunga bandeji: mnampa dawa saa ngapi? Nikasema saa nane, kama ilivyoandikwa. Akaacha bandeji, akaitazama karatasi, kisha akanitazama. Akasema baba, hii ni saa mbili. Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.

Tulianza usiku ule ule. Ana miaka kumi na saba sasa, huanguka mara moja kwa mwaka, pengine asianguke kabisa. Vidole viwili havikunjuki.

Shangazi Mtu
Baba nimelia. Mungu ambariki huyo nesi.

Kijana wa Igoma
Lakini mzee, hukujiuliza mbona usiku wa manane? Ungeuliza tu.

Mama Mkubwa
Wewe kijana acha. Ukiandikiwa na daktari, na mtoto ndiyo kwanza karudi na uhai, utabisha? Kosa ni la aliyeandika namba bila kuandika asubuhi wala usiku. Mimi nikienda kuchukua dawa namwambia mtoa dawa achore jua na mwezi kwenye bahasha.

Kijana wa Igoma
Sijamlaumu mzee. Naomba radhi kama imesomeka hivyo.

Baba wa Mahenge
Hujanikosea mwanangu. Hata mimi nimejiuliza miaka minane.

Bint Unguja
Turudi kwa mleta mada. Mimi tatizo langu ni Ramadhani. Nameza futari na daku, lakini daku inakata usingizi, na wiki ya pili mikono inaanza kurusha. Asubuhi kikombe cha chai kinaruka chenyewe. Hiyo kurusha niliidhani woga, kumbe nayo ni kifafa.

Ustadh wa Pwani
Dada, Suratul Baqara aya ya 185 imemruhusu mgonjwa. Kula, utalipa siku nyingine.

Bint Unguja
Naijua aya, ustadh. Lakini nyumba nzima imefunga na mimi nala peke yangu jikoni, mama mkwe anauliza kila siku. Usiniambie ni rahisi.

Mama Mkubwa
Mwambie mkweo aje kliniki na wewe. Wangu alikuja mara moja tu, hakuuliza tena.

Dada wa Ngamiani
Asanteni. Nimempigia mdogo wangu, nimemsomea ya Baba wa Mahenge yote. Amekubali kulala saa tano, na dawa ataifunga na mswaki, maana mswaki hausahau. Amemwambia na mwenzake wa chumbani. Nikamfundisha huyo mwenzake: akianguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, ikipita dakika tano tafuta gari.

Fundi Cherehani
Na akisahau asubuhi, jioni ameze mbili?

Mlinzi wa Zamu
Hapana. Akikumbuka mapema anameza hapo hapo. Ikikaribia dozi inayofuata, ameze hiyo moja tu. Na asiache ghafla hata kama ana mwezi mzima hajaanguka.

Mgeni Jamvini
Samahanini, mimi ni mgeni. Ni saa nne na nusu usiku, mwanangu amelala tangu saa moja, alikuwa na homa, na dawa ya saa mbili hajanywa. Nimwamshe? Naogopa, baba hapo juu kasema kumwamsha kulimharibu.

Baba wa Mahenge
Mwamshe mama. Mimi nilimwamsha kila usiku. Wewe ni leo tu. Mkalishe kwanza mpaka afumbue macho vizuri, ndiyo umpe.

Mama Mkubwa
Mwamshe. Na homa kesho asubuhi mpeleke akapimwe malaria, homa nayo inamwita kifafa.

Mgeni Jamvini
Amekunywa. Aliomba na maji ya pili. Amelala tena.