Tupeane uzoefu: ulishawahi kujiunga jaribio la bure la huduma ya muvi halafu ukaanza kukatwa hela kimya kimya?

Habari zenu wakuu. Jana usiku nimekaa napitia meseji za benki nikakuta makato ya huduma moja ya muvi ambayo hata kuifungua sijaifungua muda mrefu, nikarudi nyuma nikahesabu, miezi minne mfululizo. Nilijiunga lile jaribio la bure la siku 7, nikaangalia tamthilia niliyokuwa naitaka nikaimaliza, nikafuta programu kwenye simu nikajua tumeshamalizana.

Kumbe kufuta programu hakusitishi chochote. Simu inabaki nyeupe ila kule kwenye akaunti kadi yako bado imo na usajili unajirudia wenyewe kila mwezi. Halafu nilivyoingia kusitisha nikahangaika karibu nusu saa kwenye setingi zao, sehemu ya kusitisha haipo kabisa, kwa sababu mimi nilijiunga kupitia Play Store, kwa hiyo lazima niingie kwenye akaunti yangu ya Google, sehemu ya malipo na usajili, ndo nikaiona pale imekaa tu inasubiri tarehe. Walio na iPhone nao ni hivyo hivyo, ukijiunga kupitia App Store unasitishia kwenye setingi za Apple, na ukijiunga kwenye tovuti yao unarudi kwenye tovuti yao.

Imeniuma jamani, hela ya miezi minne sijaangalia hata dakika moja. Wewe yako ilikuwaje, na unafanyaje usikatwe?

---

Pole sana mleta mada, hiyo imewakuta wengi. Mimi siku hizi nikijiunga leo nasitisha leo leo, sisubiri. Huduma nyingi ukisitisha mapema wanakuacha uangalie mpaka siku zako za bure ziishe, hupotezi kitu.

Ila angalia, sio zote. Apple TV ukisitisha ukiwa bado kwenye siku za bure wanaweza kukufungia pale pale, mimi nilikuwa katikati ya epsodi ikagoma. Hiyo unaiwekea alamu tu, na alamu usiiweke siku ya mwisho, Apple wanataka usitishe angalau saa 24 kabla ya tarehe ya kujirudia. Mimi naweka siku mbili kabla na kwenye alamu naandika jina la huduma na nilijiungia wapi, maana alamu ikilia bila maelezo unaizima unaendelea na mambo yako.

---

Mimi nataka niongelee ile safari ya kusitisha yenyewe maana ndo ilinifanya nikatwe. Nilibonyeza sitisha, ikaja ukurasa unaniuliza sababu, nikajaza, ukaja mwingine unanionyesha picha za muvi nitakazozikosa, chini kuna kitufe kikubwa cha rangi kimeandikwa endelea kubaki, na pembeni maandishi madogo ya kijivu, malizia kusitisha. Mimi nilifika kwenye ule wa pili nikafunga nikidhani imeshapita. Haikupita. Mwezi uliofuata wakakata.

Sasa sheria yangu ni moja, kama sijapata imeli ya kuthibitisha basi sijasitisha. Imeli ikija naipiga skrinshoti naihifadhi. Na msizikimbilie zile kurasa bila kusoma, kuna huduma nyingine nilipofika karibu na mwisho wakaniambia baki kwa nusu bei miezi mitatu, nikakubali kwa kuwa nilikuwa bado naitumia kweli, lakini pale pale nikaweka alamu ya kuisha kwa hiyo nusu bei.

---

Wakuu siku za bure zenyewe zimepungua mno. Netflix walishaacha kutoa jaribio la bure, Marekani waliliondoa 2020, na Disney+ nao waliondoa la kwao mwaka huo huo. Kwa hiyo ukiona linki mtandaoni inakuahidi Netflix ya bure mwezi mzima ukaambiwa ujaze namba za kadi, toka hapo haraka, hao wanataka kadi yako.

Kwangu kilichookoa hela kweli ni kuzungusha. Silipii tatu kwa pamoja, nalipia moja, mwezi ukiisha nasitisha nahamia nyingine. Netflix ukisitisha wanakutunzia orodha yako na pale ulipoishia kwa miezi kadhaa, ukirudi ndani ya muda huo unakuta kila kitu kama ulivyokiacha, kwa hiyo ile hofu ya kupoteza akaunti iondoeni. Na tamthilia inayotoa epsodi moja kila wiki mimi siigusi mpaka iishe yote, maana ukiianza mwanzo unajikuta umelipa miezi miwili au mitatu kwa kitu cha kumaliza wikiendi mbili.

---

Sisi nyumbani tulikuwa tunatumia paswedi moja na kaka yangu anayekaa kwake, ilivyofika 2023 Netflix wakabana wakasema akaunti ni ya watu wa nyumba moja, wa nje aongezwe kwa malipo. Tukakaa tukapiga hesabu tukashuka kwenye kifurushi chenye matangazo. Matangazo yanakera, sitaki kudanganya mtu, ila kwa mtu anayeangalia jioni tu anavumilia.

Malipo ya mwaka mzima nayo yana unafuu, kwa baadhi ni kama unalipa miezi 10 unatumia 12, ila mimi nililipia mwaka nikaitumia miezi mitano. Lipia mwaka kwa ile tu ambayo familia inaiwasha kila siku, hasa ya katuni kama una watoto.

---

Mleta mada nimerudi, asanteni sana. Kwanza nimefuata ushauri nikaingia sehemu ya usajili nikakuta nyingine mbili nilizozisahau, moja imebakiza siku tatu ikate. Zote nimezisitisha na imeli za kuthibitisha zimekuja, skrinshoti ninazo. Kuhusu ile ya miezi minne nimewaandikia nikawaeleza kwamba kwenye rekodi zao wenyewe wataona sijaingia hata mara moja, wamenirudishia mwezi wa mwisho, ile mitatu ya nyuma wamekataa. Kuna aliyewahi kurudishiwa zaidi ya mwezi mmoja? Aliwaandikia vipi?