Urubani: Wilson Nairobi au Afrika Kusini?

Mtu wa Tabata: Wakuu habari za humu, dogo kamaliza form six PCM anataka urubani, mzee yuko tayari kuuza kiwanja, tumpeleke wapi, vyuo vya uwanja wa ndege wa Wilson au Afrika Kusini?

Kipanga: Mkuu kabla hamjauza kitu akapime afya ya rubani daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania), macho yakigoma ndo basi tena.

Mama J: Kaka, ulizia bei ya saa moja hewani na kama mafuta yamo, maana leseni ya rubani wa biashara kawaida ni masaa 200 ya kuruka, na chuo kina ndege ngapi nzima, ndege ikilala gereji dogo anabaki kulipa kodi ya geto tu bila kuruka. Mi ningeanza Wilson, unafika kwa nauli ya basi tu.

Kipanga: Na msilipe yote kwa mkupuo aisee.