Beetle 1303S inasita nikikanyaga mafuta: nibadilishe springi za distributa au nirudishe ya vakuamu?

Chuma_Chakavu
Wakuu, habari za jioni. Nina Volkswagen mgongo wa chura, 1303S ya 1973, injini 1600, kabureta Solex 34 PICT-3. Niko Arusha. Aliyeniuzia alishaitoa distributa (ile inayogawa cheche kwa plagi) iliyokuja na gari akafunga kopi ya 009, aina isiyo na kopo la vakuamu, haina hata jina la kiwanda. Ikishachanganya inakimbia vizuri tu. Shida ni mwendo mdogo: niko gia ya pili, nakanyaga ghafla, inasita, mara nyingine inapiga chafya kwenye kabureta, ndipo inachomoka. Kuingia barabara kubwa kwa hali hiyo ni kutafuta kugongwa.

Fundi anataka tuifungue, tuweke springi laini ili taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, iwahi kupanda, na ikibidi tusage vile vizito vya ndani vinavyoisogeza. Jamaa mwingine ananiambia niweke moduli ya elektroniki nisahau mambo ya pointi, zile zinazofunguka ili cheche itoke. Distributa ya zamani ninayo kwenye boksi, ile yenye kopo la vakuamu linalovutwa na mvuto wa hewa wa kabureta. Nataka gari ivute, sina mpango wa mashindano. Naombeni ushauri.

Turbo_Mtaani
Springi laini mkuu, usiogope. Kisha vuta taimingi mbele mpaka injini isikike inagonga (mchanganyiko unalipuka vibaya ndani ya silinda), rudisha kidogo, kaza. Datsun zetu zote tunafanya hivyo.

Mzee_wa_Plagi
Turbo, Datsun inapozwa kwa maji na ukiwa ndani unasikia injini ikigonga. Beetle ina feni inayopiga kelele nyuma yako, injini inaweza kugonga njia nzima usijue, mpaka pistoni itoboke. Hiyo njia ya sikio muachie mwenye redieta.

Chuma, kwanza vizito. Vizito vinatanuka kwa mzunguko, na uzito wake ndio unaoishinda springi. Ukivisaga vinakuwa vyepesi, taimingi inachelewa kupanda. Yaani fundi wako anataka kufanya kinyume cha anachokitafuta.

Springi laini nazo zina bei yake. Vizito vitaanza kutanuka injini ikiwa bado sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa hiyo sailensa itapanda na kushuka yenyewe. Halafu ukiwa mlimani, gia kubwa, umekanyaga mpaka chini na mzunguko ni mdogo, cheche itakuwa imeshatangulia mno. Hapo ndipo injini hizi zinapofia.

Ugonjwa wako wala hauko kwenye springi. Vizito vinajua kasi peke yake. Kopo la vakuamu linajua mzigo: kipepeo cha kabureta kikiwa kimefunguka kidogo, silinda inapata hewa chache, mchanganyiko unaungua polepole, kwa hiyo cheche inatakiwa itangulie zaidi. Kwenye 34 PICT-3 tundu la vakuamu liko juu kidogo ya kipepeo. Sailensa halipati kitu. Ukigusa mafuta tu, linapata mvuto na kopo linasogeza sahani ya pointi kabla vizito havijaamka. 009 haina kopo, na kabureta yako ilitengenezwa ikitegemea kwamba lipo. Ndio maana inasita pale pale.

Hiyo ya kwenye boksi, kopo lina mrija mmoja au miwili?

Chuma_Chakavu
Mmoja, Mzee.

Mzee_wa_Plagi
Safi, mambo yamekuwa mepesi. Usiifunge kabla ya kuipima. Chomeka mpira kwenye kopo, uvute kwa mdomo, uzibe kwa ulimi. Sahani isogee na ibaki hapo hapo. Ikirudi yenyewe, kiwambo kimetoboka, tafuta kopo jingine. Kisha shika roto, kile kipande cha juu kinachozunguka, izungushe kufuata saa, iachie: irudi yenyewe kwa springi. Ikibaki ilipo, grisi ya zamani imeganda kwenye vizito. Ioshe na uipake mafuta kidogo. Distributa nyingi zinazoambiwa zimekufa zina grisi iliyoganda tu. Angalia pia kile kiwaya chembamba cha sahani, huwa kinakatika ndani ya ganda lake na kwa macho kinaonekana kizima.

Pointi weka milimita 0.4 KABLA ya kugusa taimingi. Ukipanua mwanya baadaye, pointi zitawahi kufunguka na taimingi itasogea nayo.

Sasa taimingi yenyewe. Funga utepe kuzunguka puli ya krenki upate mzingo wake, gawanya kwa 12: hizo ni digrii 30. Pima urefu huo kutoka alama ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) kwenda kulia, ukiwa umesimama nyuma ya gari, uweke rangi. Injini ikiwa moto, chomoa mpira wa vakuamu uuzibe, washa taa ya taimingi, pandisha mzunguko mpaka alama iache kutembea, kama 3,000 hadi 3,500 kwa dakika. Isimame kati ya digrii 28 na 30. Kaza, rudisha mpira. Sailensa ikiangukia 7 au 9, iache.

Binti_Kabureta
Kaka Chuma, yote aliyosema Mzee ni sawa, ila usiisahau kabureta. Zima injini, toa kifuniko cha filta, sukuma mkono wa mafuta huku unachungulia ndani. Petroli iruke papo hapo, mstari mmoja imara. Ikichelewa au ikidondoka matone, pampu ya kuchapuzia ina tatizo na distributa yoyote utakayofunga itasita. Na kama shida inazidi asubuhi za baridi za Juni na Julai, kagua ule mrija mwembamba wa moshi unaopasha joto manifodi. Huziba kwa masizi.

Turbo_Mtaani
Lakini Arusha iko juu, kama mita 1,400. Hewa nyepesi inaruhusu taimingi ya mbele zaidi, kwa nini asiende 32 au 34?

Mzee_wa_Plagi
Hapo una hoja, Turbo. Hewa nyepesi inaungua polepole na haigongi haraka. Lakini siku atakayoshuka Tanga, hewa ni nzito, joto kali, na taimingi ni ile ile ya Arusha. Halafu ikumbuke silinda namba 3. Kwenye Beetle za zamani kipoza oili kilikaa juu yake kikaizibia hewa, ndio maana distributa nyingi za kiwandani ziliichelewesha cheche yake kama digrii 4. Gari ya 1973 kipoza kilishahamishwa, ila injini hizi zimebadilishwa sana, huwezi kujua unayo ipi mpaka uchungulie. 28 inamtosha.

Chuma_Chakavu
Nimeelewa. Na hiyo moduli ya elektroniki?

Mzee_wa_Plagi
Moduli inaondoa kazi ya kurekebisha pointi, haiongezi nguvu wala haitibu kusita. Ukitaka, iweke ndani ya hiyo hiyo ya vakuamu. Zile za kampuni ya Pertronix, toleo la kwanza, kwa silinda nne zinataka koili ya angalau om 3, kwa hiyo ipime yako kwanza. Usikosee waya mwekundu na mweusi, na usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa, moduli itaungua. Pointi na kondensa za zamani ziweke kwenye dashibodi. Moduli ikikufia porini, bila hivyo vitu utavutwa kwa kamba.

Binti_Kabureta
Na roto yake pia. Roto nyingine za moduli zinatofautiana na zile za pointi.