Naomba ushauri: thamani ya nyumba imepandishwa, nijiandaeje na kodi ya jengo?

Habari zenu wanakikundi. Naombeni mawazo yenu, hasa mliowahi kupinga uthamini.

Naishi kwenye nyumba niliyorithi kwa mama, na kipato changu ni pensheni tu. Juzi nimepokea taarifa ya uthamini mpya: thamani imepanda kwa karibu nusu. Kiwango cha kodi hakijaguswa, lakini kwa kuwa kinakokotolewa kwenye thamani, ankara nayo itapanda vivyo hivyo.

Nimeomba nakala ya kumbukumbu za nyumba, nikaikagua mstari kwa mstari nikiwa na futi kamba mkononi. Wameandika vyumba 5, vipo 4. Stoo ya mabati nyuma ya jiko, ambayo hata dirisha haina, imehesabiwa kuwa chumba cha kulala! Imeniuma sana. Nimeipiga picha ndani na nje. Pia nimeanza kutenga akiba kidogo kila mwezi. Muda wa kuwasilisha pingamizi umebaki siku 12.

Naomba kujua mambo mawili. Je, kosa hilo na picha vinatosha, au nitafute mthamini binafsi, ingawa ada yake inaweza kumeza chote nitakachookoa? Na mliokata rufaa, mliendelea kulipa wakati shauri linasubiri? Naogopa faini ya kuchelewa kuliko hata kodi yenyewe.

Kama kuna mwenye kujua nafuu ya wastaafu inavyoombwa, naomba anielekeze pia. Asanteni sana.